Kila Anayecheza Gemu kwa Simu Nilimwita Mfuta Kioo, Sasa Kikundi Kimenichoka

BARUA

Kaka Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 28, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma mjini. Riziki yangu naipata kwenye steshenari, ambako nachapa barua, natoa fotokopi na kutengeneza kompyuta za watu. Jioni nikishafunga duka nacheza gemu za kompyuta, na sioni aibu kulisema hilo, ingawa kaka yangu mkubwa haachi kuniuliza ni lini nitaacha utoto. Kompyuta yangu niliiunda mwenyewe. Boksi lake lilikuwa la ofisi iliyobadilisha vifaa, nikaliongezea RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), nikaweka diski ya SSD yenye kasi, kisha nikaagiza kutoka Dar es Salaam kadi ya grafiki, kile kifaa cha kuchora picha za gemu, iliyokwisha kutumika, ambayo ilisafiri kwa basi ndani ya ndoo iliyojazwa nguo kuukuu ili isigongwe.

Nayaeleza haya ili ujue kwamba jambo ninalolizungumza nalifahamu. Kwa maoni yangu gemu za kweli ziko kwenye kompyuta. Kompyuta unaifungua, unabadilisha kifaa kilichochoka, unaichokonoa gemu yenyewe na kuiongezea magari au ramani zilizotengenezwa na wachezaji wenzako, na gemu ya mwaka 1998 unaweza kuicheza hadi leo. PlayStation ni sanduku lililofungwa, na hapa kwetu watu wanalitumia kwa jambo moja tu, mpira, ambao kila mwaka unauzwa upya kwa kubadilishiwa jezi na namba ya mwaka. Gemu za simu ndizo sitaki hata kuzisikia, kwa sababu nyingi zimetengenezwa ili kumkamua mtoto pesa kidogo kidogo, nami wanaozicheza nimezoea kuwaita wafuta vioo.

Matatizo yangu ni mawili. La kwanza ni la kikundi. Tuko vijana kadhaa tunaoweka na kukopeshana, na mwaka huu tumekubaliana kutumia sehemu ya akiba kufungua banda la gemu karibu na soko. Wenzangu wanataka PlayStation mbili na televisheni mbili. Mimi nilipendekeza kompyuta nne nzuri, nikajitolea kuziunda bila malipo, na hata nikasema kwamba kwa usalama zitakuwa zinalala chumbani kwangu. Katika kikao walinibishia, nami kwa hasira nikawaambia kwamba hawajui gemu ni nini na kwamba tutafungua kijiwe cha wafuta vioo. Mwenyekiti alinijibu kwa upole kwamba banda ni la wateja, si la kwangu. Tangu siku hiyo nikituma ujumbe kwenye kundi hakuna anayejibu, na salamu wananipa za kulazimishwa.

La pili ni la nyumbani. Mdogo wangu, aliye kidato cha tatu, anacheza Free Fire, gemu ya simu ya kupigana kwa bunduki. Hivi karibuni alitoa shilingi 20,000 kwenye simu ya mama akanunulia daimondi, yaani sarafu za gemu hiyo, bila kumwambia mtu. Mama alipogundua, mimi niliichukua simu ya mdogo wangu, nikaifuta gemu mbele ya rafiki zake na kumwambia kwamba yeye ni mraibu kama walevi wengine. Amehamia kwa shangazi yetu Ujiji na tukikutana hanisalimii.

Naomba uniambie kama nina makosa kusimamia ninachokiamini, nifanye nini na mdogo wangu, na kama nitoe fungu langu la akiba niondoke kwenye kikundi.

Mchezaji wa Kompyuta, Mwanga, Kigoma.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako imebeba ugomvi wa aina mbili, na shida yote imetokana na kuuchanganya. Mmoja ni ugomvi wako na wanaotengeneza na kuuza gemu, na mwingine ni ugomvi wako na watu wanaozicheza. Katika ule wa kwanza niko upande wako karibu kwa kila neno. Katika wa pili sina cha kukutetea nacho.

Tuanze na pale ulipo na haki. Mchezaji wa leo anatozwa pesa kwa kitu ambacho mara nyingi hakimiliki, na mfano ulio wazi ni The Crew, gemu ya mbio za magari iliyotolewa na Ubisoft ya Ufaransa mwaka 2014, ambayo haikuchezeka bila kuunganishwa na seva, yaani kompyuta kuu, za kampuni hiyo. Mwishoni mwa Machi 2024 seva zilizimwa, na kila aliyeinunua, hata yule mwenye diski yake mkononi, akabaki na kitu kisichochezeka. Jimbo la California nchini Marekani limekwisha kutunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za namna hiyo amweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia tu. Kueleza si kurudisha mali, lakini angalau mtu anajua anachokilipia. Hapa ndipo hoja yako ya kompyuta inaposimama imara, kwa sababu kwenye kompyuta lipo hata duka kama GOG, lililoanzishwa na Wapoland mwaka 2008, ambalo linakuuzia gemu pamoja na faili lake la kusakinisha lisilo na kufuli, ukaliweka kwenye diski yako ya nje na kulitumia hata siku ambayo duka lenyewe halipo.

Una haki pia kuhusu kamari iliyofichwa ndani ya gemu. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya bahati, ambavyo mchezaji analipia bila kujua atatoa nini ndani yake, vinavunja sheria za kamari za nchi hiyo, na kampuni ya EA ikaacha kuuza humo pointi za kununulia vifurushi vya wachezaji katika gemu yake ya mpira. Kwa hiyo unaposema kwamba watoto wanakamuliwa, husemi jambo la ajabu.

Ila huwezi kuishia hapo ukajifanya kwamba uchafu huo umeletwa na simu. Mwaka 2006 wachezaji wa Oblivion, gemu ya safari na mapigano, wa kompyuta na wa Xbox kwa pamoja, waliuziwa vazi la chuma la farasi ambalo halikuongeza chochote cha maana katika safari yao. Watu walicheka, wakanung'unika, na wengi wakalinunua. Valve, wenye duka la Steam ambalo naamini kompyuta yako inalifahamu vizuri, waliingiza makreti yanayofunguliwa kwa funguo za kununua katika gemu yao ya bunduki, Team Fortress 2, mwaka 2010, kisha wakafanya vivyo hivyo katika nyingine, Counter-Strike, mwaka 2013, na baadhi ya rangi za bunduki zinazotoka humo zimefika kuuzwa kwa maelfu ya dola kila moja. Hayo yalikuwa yakifanyika kwenye kompyuta, tena katika gemu ambazo wachezaji wa kompyuta wanaziheshimu kuliko zote, miaka kadhaa kabla ya Free Fire kutoka. Mpaka kati ya gemu ya heshima na gemu ya kukamua hauko kati ya kifaa na kifaa, na anayeuchora hapo anawapa wauzaji nafasi ya kupita upande wa pili wakiwa hawajaguswa.

Sasa tuje kwa hao unaowaita wafuta vioo. Free Fire ilitolewa mwaka 2017 na Garena ya Singapore, na moja ya sababu zilizoisambaza ni kwamba iliundwa ili iende kwenye simu za bei nafuu zenye kumbukumbu ndogo. Watu 50 wanashuka kisiwani, na baada ya dakika kama kumi mshindi amepatikana. Mtazame anayeicheza: kijana asiye na meza, asiye na chumba chake, ambaye umeme ukikatika hapotezi chochote, na ambaye bando lake ni lile alilojiunga asubuhi kwa ajili ya mambo mengine. Ulipolichukua boksi la ofisi ukalifanya lionyeshe picha ambazo halikununuliwa kuzionyesha, ulifanya kazi kwa kilichopo, na yeye anafanya vivyo hivyo kwa kilicho mkononi mwake. Kumdharau kwa hilo ni kumdharau kwa kipato chake, hata kama hukukusudia, na ninashuku kwamba wenzako katika kikao walilisikia hivyo hasa.

Kuhusu mpira wa PlayStation, hoja yako kwamba gemu ileile inauzwa kila mwaka ni ya kweli kwa mtu wa Ulaya anayenunua kila toleo jipya. Kwa banda la mtaani haina nguvu. Hapa Tabora nimekaa kwenye banda moja la Kiloleni nikaangalia: diski iliyokuwa ikichezwa ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma, na kwenye skrini bado alikuwapo mchezaji aliyekwisha kustaafu soka. Pedi moja ilifungwa raba kwenye kidude cha kushoto kwa sababu mpira wake ulikwisha kulika, na kila mteja aliijua kasoro yake na kupiga pasi kwa kuizingatia. Mwenye banda alinunua toleo moja tu, basi, na watoto wa mtaa mzima wanalitumia. Sijui ni nani aliyeibiwa hapo. Kwenye benchi walikaa wachezaji wawili na nyuma yao wakasimama wengine wengi, kila mmoja akiwa kocha, kwa kanuni kwamba aliyefungwa anatoka. Yule aliyefungwa alilipa tena ili arudi kwenye foleni.

Tazama hilo kwa jicho la biashara. Mechi ni fupi, wanalipa wawili kwa mashine moja, na watazamaji ndio wateja wa zamu inayofuata. Gemu unazozipenda wewe, nikikisia kutokana na barua yako, ni za mtu mmoja kukaa na kipanya hadi usiku wa manane akijenga mji au akivuka nchi, na mtu huyo akishaketi hainuki. Ukimtoza kwa saa atalalamika kwamba hajafika popote, na ukimwacha aendelee huna kiti cha mteja wa pili. Uzuri wa gemu hizo siupingi. Nazungumzia kiti tu.

Ipo pia hoja ambayo barua yako imeikwepa. Hukusema gemu zako umezipata wapi. Kama ni kwa kununua Steam, unajua kwamba bei ziko kwa dola, kwamba ukinunua kitu kisichoenda kwenye mashine yako unaweza kuomba urudishiwe pesa yako ndani ya siku 14 iwapo hujakicheza saa mbili, na kwamba leseni ya kawaida ni ya matumizi yako binafsi, si ya kutoza wateja bandani. Kama ni kwa flashi iliyozunguka mtaani, basi kikundi chako kingefungua biashara juu ya nakala zisizo halali, katika nchi yenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na jina linalojibu siku ya ukaguzi ni la mwenyekiti, yule yule aliyekujibu kwa upole. Mtu anayewaita wauzaji wezi anapaswa kuwa mwangalifu sana hapo. Na usifikiri kwamba wenye PlayStation hawahusiki, kwa kuwa diski nayo ina masharti yake. Kabla hamjanunua chochote, mmoja wenu aende akaulize kuhusu leseni ya biashara na haki za kuonyesha na kukodisha.

Bahati nzuri kompyuta ina njia ambayo PlayStation haina, nami nashangaa fundi kama wewe hukuitaja kikaoni. Ziko gemu ambazo leseni zake zinaruhusu kunakiliwa na kutumika popote, bila kuibiwa na bila kulipiwa. SuperTuxKart ni mbio za vigari ambazo watoto wawili au zaidi wanazicheza kwenye skrini moja iliyogawanywa, na kompyuta ya kawaida inaimudu. 0 A.D. ni gemu ya vita vya kale ambayo ndani yake wamo Wakushi wa ukanda wa mto Nile, na mnaweza kuunganisha kompyuta kadhaa kwa waya mkachezeana bila kutumia hata megabaiti moja ya bando. Hizo zingejaza kiti kwa muda mfupi na zingeingia katika hesabu ya banda.

Tena kompyuta inafanya kazi mchana. Asubuhi kijana wa Mwanga anatafuta mahali pa kujaza maombi ya mkopo wa chuo, mahali pa kuwasilisha maombi ya ajira serikalini, mahali pa kuchapa barua na kupiga skani cheti. Televisheni yenye PlayStation wakati huo imezimwa, watoto wako shule na umeme wa LUKU hauliwi, lakini pia hakuna kinachoingia. Kompyuta moja yenye printa ingeanza kulipa kodi ya chumba kabla wateja wa mpira hawajatoka darasani. Hii ndiyo hoja ambayo ingewaingia wenzako, na wewe ndiye mtu pekee katika kikundi mwenye ujuzi wa kuitekeleza. (Ikiwa steshenari unayofanyia kazi si yako, zungumza na mwenye duka kwanza, asije akasikia kwa watu kwamba unamfungulia mshindani.)

Kuhusu mapenzi yako kwa kompyuta, usiyaache. Ni kweli kwamba utamaduni wa kuichokonoa gemu umetupa vitu vikubwa: Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama kazi ya vijana wawili walioibadilisha gemu nyingine, Half-Life ya mwaka uliotangulia, na Stardew Valley, gemu ya kilimo ya mwaka 2016, ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, aliyechora, akaandika na kupiga muziki wake mwenyewe. Hata hivyo kazi nzuri haichagui boksi. Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, unaweza kuicheza ukisikiliza sauti za Kiswahili, na ilitoka siku moja kwa kompyuta na kwa PlayStation 5. Ningependa siku moja uwaonyeshe wenzako wa kikundi kipande chake, bila hotuba.

Mdogo wako sasa. Umeyafunga pamoja mambo mawili ambayo hayafanani. Kutoa shilingi 20,000 kwenye simu ya mama bila ruhusa ni wizi wa nyumbani, na ungekuwa wizi hata kama pesa hiyo angenunulia viatu. Hilo linajibiwa kwa yeye kumwomba mama radhi na kuirudisha pesa kidogo kidogo, kwa kazi atakayopangiwa, na kwa mama kubadilisha namba yake ya siri leo hii na kuacha kumtuma mtoto kuitumia. Kucheza Free Fire ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, lakini linataka kuona mtu aliyeshindwa kujizuia, anayeutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote na kuendelea nao hata unapomharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kwa takriban mwaka mzima. Mtoto aliyefanya kosa moja la pesa hajafika huko, na neno ulilompachika mbele ya rafiki zake linakaa kwa muda mrefu. Isitoshe, kama fundi unajua kwamba ulichofuta ni programu tu. Akaunti yake iko kwenye seva, na kama hakuingia kama mgeni, siku atakayoiweka tena kwenye simu yoyote atavikuta vitu vyake vyote mahali pake. Kilichoondoka ni heshima aliyokuwa nayo kwako.

Nenda Ujiji kwa shangazi, usimwite yeye aje. Mwombe radhi kwa kumwaibisha mbele ya watu, kisha mweleze habari ya pesa ya mama wakiwapo watu wa nyumbani tu. Mkishamaliza, mwambie akuonyeshe anavyocheza. Mwache akueleze daimondi zinatumika wapi, na mkifika kwenye ile sehemu ya kuzungusha gurudumu ili upate nguo au bunduki, hapo ndipo elimu yako ina thamani: mkokotoe pamoja, yeye akiwa na kalamu, ni kiasi gani kimeliwa na gurudumu na amepata nini. Hesabu hiyo ataielewa haraka, kwa kuwa gemu yenyewe anaijua kuliko wewe.

Fungu lako usilitoe. Mwombe mwenyekiti dakika chache mwanzoni mwa kikao kijacho, uyafute maneno yale uliyoyasema, halafu upendekeze PlayStation mbili kama walivyotaka pamoja na kompyuta moja yenye printa, mapato ya kila mashine yakiandikwa katika ukurasa wake kwenye daftari la mhasibu, ili baada ya miezi mitatu kikundi kiamue kwa kuangalia daftari. Ukubali mapema kwamba likionyesha kuwa kompyuta hailipi, itauzwa.

Na kuhusu zile kompyuta kulala chumbani kwako kwa ajili ya usalama, nadhani hata wenzako walitabasamu waliposikia. Kompyuta ya kikundi italala bandani, na pesa ambayo ingekuletea kadi nyingine ya grafiki kutoka Dar es Salaam itoshe kununua kufuli la mlango na UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika.